Bundi wa Hatta na Gari la Madam

Harufu ninayoikumbuka ni ya udi uliolala ndani ya gari lililopikwa na jua wiki nzima. Baba alikuwa akifungua mlango wa gari la madam, mwajiri wake, alfajiri ya Ijumaa, taa za barabarani bado zinawaka, na ile harufu ikatoka kutupokea: udi, ngozi ya viti, na juu yake maandazi ya iliki aliyotufungia mama kwenye mfuko wa karatasi. Hata leo nikipita mtaa wa Deira hapa Dubai mtu akafukiza udi dukani kwake, tumbo langu linaanza kudai maandazi. Wenzangu udi huwakumbusha harusi. Mimi unanikumbusha ndege, na baba yangu, na mwamba mmoja kule milima ya Hatta ambao nusura utupeleke Tanga.

Tulikuwa tunaishi Al Rigga, chumba kimoja katika fleti ya familia tatu na jiko moja, na ukitaka kujua watu vizuri, shirikiana nao jiko. Mama alikuwa muuguzi kwenye kliniki, na kibali chake cha kazi ndicho kilichoniweka Dubai. Baba alikuwa dereva wa familia moja ya Kiarabu kule Mirdif, na kama madereva wengi wa majumbani, alilala hukohuko, kwenye chumba cha nje kando ya geti. Kwetu alikuja Ijumaa tu, akiwa amenyoa ndevu na kubeba matunda, kama mgeni. Mshahara wa mama ulilipa chumba na chakula, wa baba ulilipa shule yangu. Mama hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. "Siku baba yako akikosa kazi," aliniambia, "wewe ni Tanga kwa bibi." Sikuwa na ugomvi na Tanga, wala na bibi, Mungu amrehemu. Ila Tanga hakukuwa na mama wala baba, na mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, umri ambao mtoto anajua hesabu ya mambo kama hayo bila kufundishwa.

Kiangazi cha Dubai kinagawa watu mafungu mawili: wanaosafiri na wanaobaki. Shule zikifungwa tu, wenye nafasi zao wanapanda ndege kwenda kwenye baridi, na sisi tuliobaki tunajifungia ndani na kiyoyozi kinachotoa maji ukutani. Nje huwezi kushika kitasa cha mlango. Mwaka ule familia ya Mirdif iliondoka yote, madam, mumewe na watoto, na haikutarajiwa mpaka joto lipungue. Waswahili husema paka akiondoka panya hutawala, lakini baba hakuachiwa ufalme, aliachiwa kazi. Joto la huku linaua betri za magari yaliyosimama, kwa hiyo dereva anayebaki hana budi kuyaendesha. Madam alimwambia siku ya safari, "Ya Juma, gari langu usilizungushe hapa Mirdif tu. Lipeleke mbali, lipumue. Mchukue na mtoto wako. Ila barabara ya lami, unanisikia? Kwenye mawe usiliingize." Baba alisema naam, madam. Na alimaanisha, siku ile aliposema.

Baba alichagua Hatta, na sikwenda peke yangu. Nilikuwa na rafiki zangu wawili, na bila wao tungekwenda kula maandazi na kurudi. Atieno alikuwa wa Kisumu, mrefu, mwenye maneno mengi, na mama yake alisimamia usafi wa vyumba kwenye hoteli ya mtaa wa pili. Mahotelini kuna desturi: kitu alichokisahau mgeni huwekwa stoo, na muda ukipita bila mwenyewe kukiulizia, hupewa mfanyakazi aliyekiokota. Wengine walipata chaja na miavuli. Mama Atieno alipata darubini, nzito, nyeusi, na kitabu cha picha za ndege kilichoandikwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Rafiki wa pili alikuwa Kato, Mganda, ambaye baba yake alikuwa mlinzi na mama yake alisuka nywele saluni. Kato alisema machache, na Kiswahili chake kilitembea kwa kuchechemea, lakini alikuwa na macho. Sisi tukihangaika na darubini, yeye ameshaona.

Tuliondoka baada ya sala ya Alfajiri, mji umelala, na kwa mara ya kwanza maishani nikapata muda mrefu na baba. Nilikaa nyuma ya kiti cha abiria, na kutoka pale niliyaona macho yake kwenye kioo cha katikati. Nasema kweli, uso wa baba yangu niliujifunza kwenye kioo kile. Nilijua anapotaka kucheka kabla hajacheka. Alituhadithia utoto wake Tanga, jinsi alivyokuwa akitega kwale kwenye mashamba ya mkonge, na Atieno akamwuliza, "Uncle, sasa tunaenda kuwaangalia ama kuwakula?" Baba akajibu kwamba itategemea maandazi yatakavyotosha. Mchanga wa njiani ulianza kuwa mwekundu, halafu ukaisha, na milima ikasimama mbele yetu, mikavu, myeusi, bila jani, kama makaa yaliyozimwa kwa maji.

Korongo letu lilikuwa nje kidogo ya Hatta, kupita mashamba ya mitende. Barabara ya lami iliishia kwenye mdomo wake, na ndani, mwendo wa kutosha kumchosha mtoto, kulikuwa na kidimbwi cha maji chini ya ukuta wa mwamba, na pembeni yake vichaka vichache. Ijumaa ya kwanza tulitembea. Jua lilipochomoza tulikuwa tumefika, na ndege walikuwa pale. Chozi mdogo alikuwa akinyonya ua la kichaka, mweusi ukimtazama hivi, wa zambarau ukimtazama vile. Shore aliimba juu ya jiwe, amezungukwa jicho na duara jeupe, na Atieno akasema huyo ni mwalimu, amevaa miwani. Halafu kwale walishuka kunywa, mama na watoto wake nyuma kwa mstari, rangi ya mchanga mtupu, mpaka wakisimama huwaoni na wakitembea unadhani mawe yanatembea. Kitabu hatukuweza kukisoma, kwa hiyo kila ndege tulimpa jina la kwetu, na kwa sababu kwetu kulikuwa kutatu, tulibishana mpaka baba akatuambia tunawafukuza wenye majina.

Tatizo lilikuwa kurudi. Mchumia juani hulia kivulini, lakini korongoni kivuli chenyewe kilikuwa kinakimbia. Jua likishafika kwenye ukuta wa mwamba, joto linakuja kutoka juu na kutoka chini, na Ijumaa ile Kato alitoka damu puani kabla hatujafika kwenye gari. Baba alimbeba mgongoni. Nilimwona anaitazama ile njia ya kokoto, anapima upana wake, na nikajua. Wiki iliyofuata hakutembea mtu. Aliingiza gari korongoni, polepole, tairi moja juu ya jiwe moja, akisema bismillah kwenye kila bonde, mpaka karibu na kidimbwi. Tulikaa ndani, vioo vimeshushwa, tunatazama ndege kama watu wenye tiketi. Hakulisahau neno la madam. Alituonea huruma watoto, basi.

Ilikuwa katikati ya kiangazi tulipomwona mwenyeji wa korongo lile. Tulikuwa tumefika mapema kuliko siku zote, mwanga bado wa kijivu, na korongo lilikuwa kimya. Hakukuwa na shore wala kwale. Kato alikuwa na darubini, akaizungusha kwenye ukuta wa mwamba, akairudisha, akaishusha polepole. "Mzee," akasema, "ile jiwe iko na macho." Tukatazama alipoonyesha. Mwamba tu. Halafu mwamba ukafumbua macho mawili ya rangi ya chungwa, makubwa, yakatutazama sisi wanne mmoja mmoja, na kichwa chenye masikio mawili kikageuka bila mabega kusogea. Bundi. Mkubwa kuliko bundi yeyote niliyewahi kumsikia akisimuliwa.

Hapa inabidi msomaji ajue waliokuwa ndani ya gari lile. Kwetu Tanga, bundi akilia juu ya paa, bibi alirusha chumvi motoni na kumtukana kwa majina ambayo siku nyingine alikuwa akitupiga tukiyasema. Kwao Atieno, bibi yake alimfukuza kwa kijinga cha moto. Kwao Kato, akisikika jirani, watu walikesha wakimngojea mjumbe wa msiba. Mtu mwingine angeshukuru kwa bahati ile na kutoa kamera. Lakini gari lile halikuwa na mtu hata mmoja aliyezaliwa mahali panapopenda bundi. Atieno akanong'ona, "Uncle, rudisha gari. Hiyo kitu si poa." Baba hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameshatia gia ya kurudi nyuma, midomo inasoma Ayatul Kursi, aya ya kujikinga, macho yake hayako kwenye kioo bali kwa bundi, na bundi macho yake kwa baba. Tulirudi nyuma kwa kasi ambayo korongo lile halikuumbiwa. Kishindo kilipokuja, maandazi yaliruka mpaka kwenye dashibodi.

Ajali haina kinga. Taa ya nyuma ilikuwa vipande chini, na bampa limebonyea, limeingia ndani kama sufuria iliyoanguka. Baba alizunguka gari mara moja, akainama, akaokota vipande vyekundu kimoja kimoja na kuvitia kwenye mfuko wa maandazi. Hakutugombeza. Njiani, kwenye kioo, macho yake yalikuwa ya mtu mwingine. Mimi nilikuwa naiona Tanga, stendi, na bibi akinipokea kwa kanga mpya. Tulipokaribia mjini Kato akasema kwa sauti ndogo, "Lakini kweli bundi alileta habari." Atieno akamfinya.

Nyumbani mama alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kitandani. Aliuliza swali moja tu, kama gari lilikuwa kwenye lami. Baba akasema hapana. Sasa hapa Dubai gari lililogongwa si siri unayoweza kuificha, kwa sababu hakuna fundi anayegusa bodi bila karatasi ya polisi. Lakini kulikuwa na njia, na rafiki yake baba, dereva wa nyumba ya jirani kule Mirdif, alikuja kumfundisha. "Sema umelikuta hivyo kwenye maegesho ya supamaketi, aliyegonga kakimbia. Kila mtu husema hivyo. Khalas, imekwisha." Alieleza jinsi ya kusimama, jinsi ya kukunja uso. Mimi nikiwa nimejibanza na sahani yangu, nilikuwa upande wake moja kwa moja. Baba alimshukuru, akamsindikiza mpaka kwenye lifti. Aliporudi akasema njia ya mwongo ni fupi, na yeye hawezi kuendesha kwenye njia fupi. Mama akamjibu kwamba njia ya mkweli nayo inaweza kuwa fupi, inaishia uwanja wa ndege. Usiku ule sikuwasikia wakicheka kama Ijumaa nyingine.

Nilidhani safari zimekwisha. Lakini Ijumaa iliyofuata baba alikuja alfajiri kama kawaida, na taa ya nyuma ameifunga plastiki nyekundu. Betri ni betri, alisema, nimeambiwa liendeshwe. Akawachukua na wenzangu. Safari hii tuliegesha kwenye lami, mdomoni mwa korongo, akatugawia kofia na chupa za maji, na tukaishia palepale kwenye kivuli cha kwanza. Ndege walikuwapo hata pale, ukikaa kimya. Kwale walipita mbele ya miguu yetu. Kato akamwuliza kama yule bundi bado yuko kule ndani. "Kama yupo, yuko kwake," baba akasema. "Wageni ni sisi." Wiki zile zilizobaki zilikuwa nzuri na zinauma, kwa sababu kila Ijumaa nilijua huenda ni ya mwisho, na nafikiri yeye pia. Alinifundisha kushika darubini bila kutikisika, viwiko vimeegemea magoti. Aliniuliza ninataka kuwa nani. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Madam alirudi joto lilipoanza kulegea. Baba alinipigia simu nivae vizuri, akaja kunichukua kwa basi, na njiani akanieleza sababu: nimsaidie Kiarabu. Kiarabu chake kilikuwa cha barabarani na sokoni: kushoto, kulia, samaki, petroli, inshallah. Mimi nilikisoma shuleni. "Bundi wanamwitaje?" aliniuliza. Nikamwambia, buma. Akalirudia neno lile kituo baada ya kituo, kimya kimya, kama mtoto anayekwenda dukani na hataki kusahau alichotumwa. Ndipo nilipoelewa kwamba atausema ukweli mzima, mpaka ile sehemu ya aibu. Nilitaka kulia. Angeweza kusema jiwe, angeweza kusema alikuwa akigeuza gari, na ungekuwa ukweli pia. Lakini mwanamume mzima kumwambia mwajiri wake kwamba amevunja gari akimkimbia ndege!

Madam alitoka uani amejitanda abaya, mwanamke mnene, mwenye haraka. Alilizunguka gari, akaigusa ile plastiki nyekundu kwa kidole.

"Nani?"

"Mimi, madam."

"Wapi?"

"Hatta. Kwenye mawe. Uliniambia nisiingie. Niliingia, watoto walichoshwa na jua. Halafu nikarudi nyuma haraka."

"Haraka ya nini?"

Nilimwona baba akinyanyua kidevu. "Palikuwa na buma, madam."

Hakucheka. Nakumbuka nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko na kwa hasira, na hakuna kilichokuja. Alimsogelea baba hatua moja, akashusha sauti. "Aliwatazama?"

"Alitutazama, madam. Wote."

"Na watoto wakiwamo?"

"Watoto watatu. Huyu ni wangu."

Madam akaniwekea mkono kichwani, mzito, wenye pete, unaonukia ule udi wa kwenye gari, akasoma dua ndefu chini ya pumzi. Mlangoni mumewe, ambaye tulimwita sir na ambaye alisoma nchi za mbali, alikuwa amesikia, naye ndiye aliyecheka, mpaka akashika fremu ya mlango. "Juma," alisema, "bundi?" Madam akamgeukia. Maneno aliyomwambia niliyaelewa yote, na nilimshukuru mwalimu wangu wa Kiarabu: "Nyamaza wewe. Mama yako angeliacha gari hapohapo na kurudi Dubai kwa miguu." Kisha akamwambia baba kwamba taa inanunuliwa dukani, watoto hawanunuliwi, na kesho waende polisi wakachukue karatasi. Khalas. Alipofika mlangoni akakumbuka. "Na mwaka ujao, Juma, kwenye lami."

Mwaka ujao. Baba aliyasikia maneno hayo mawili kama nilivyoyasikia mimi. Tulipofika kituo cha basi akakaa kwenye benchi, akafunika uso, mabega yakaanza kutikisika. Niliogopa. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akanitazama na kusema, "Mwana, umeona baba yako alivyo mwoga?" Na mimi nikacheka naye, kwa mara ya kwanza nikimcheka mzazi wangu usoni pake kwa ruhusa yake. Tulikwenda Hatta kiangazi kilichofuata, na kingine baada yake, kwenye lami, mpaka Atieno na Kato wakahama na familia zao, na mimi nikamaliza shule ileile aliyoilipia.

Sasa mimi ndiye ninayekaa Dubai, nina kazi yangu na kigari changu kidogo, na baba amestaafu, yuko Tanga, anafuga kuku na kulalamikia bei ya pumba. Hatta imebadilika. Kwenye bwawa kubwa la huko watu wanapiga makasia kwenye vimtumbwi vya plastiki vya rangi, kuna kahawa ya bei mbaya, na korongo letu lina njia iliyotengenezwa inayofika karibu kabisa na kidimbwi. Kiangazi hiki nilimpeleka binti yangu, Salma, alfajiri, na maandazi. Kwale bado wapo. Tulikuwa tumeegesha, vioo vimeshushwa, aliponigusa bega na kuninyooshea kidole ukutani, na mwamba ukafumbua macho.

Salma amesoma vitabu vya shule ambamo bundi amevaa kofia ya mwalimu. Kwake yule alikuwa ndege mzuri tu. Mimi mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye gia, na mdomo umeshaanza Ayatul Kursi, wenyewe, bila kuniuliza.

"Mama, unaogopa?"

Ningeweza kusema hapana. Watoto wanaamini. "Ndiyo," nikamwambia. "Mama yako anaogopa bundi." Nikazima gari, nikatoa mkono kwenye gia, nikampigia baba simu huku macho yangu hayambanduki yule kule juu. Nilimwambia tuko wapi na nani anatutazama.

"Gari zima?" aliuliza.

"Zima, baba."

"Basi kaeni. Mwambie Juma wa Tanga anamsalimu."

Nikatoa kichwa dirishani, nikampa bundi salamu zake kwa sauti, kwa Kiswahili sanifu, na jina la baba. Salma alinicheka mpaka akaangusha andazi, na babu yake akawa anacheka simuni, na mimi nikawaacha wanicheke.